Shaba Hunywa Moto: Mfuko wa Masomo kwa Jina la Fundi

YAYA: Karibuni wasikilizaji wetu wa Lubumbashi na wa kwingineko. Leo tunazungumzia mfuko wa masomo ambao familia moja ya Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ikishirikiana na mafundi waliofanya kazi na marehemu, inakusudia kuuanzisha kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi, kwa jina la mzee wao aliyekuwa fundi wa kuchomelea. Msiba ungali mbichi, na familia imetuomba tusilitaje jina lake hewani. Kwa hiyo tutamwita Baba Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita.

MDOGO: Yaya, mkubwa wangu, wewe ulikulia jirani na karakana yake. Kabla hatujafika kwenye fedha, tueleze alikuwa mtu wa namna gani.

YAYA: Nitakueleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Aliletewa kipande kinene cha shaba kilichokuwa na ufa. Kijana aliyekuwa akijifunza kwake akauelekeza moto moja kwa moja kwenye ufa, akangoja, na shaba haikulainika hata kidogo. Baba Fundi akamsogeza taratibu, akakiweka kipande chote juu ya makaa, akakaa nacho kwa muda mrefu, kisha akakigusisha kichwa cha kijiti cha kibiriti kupima joto. Kijiti kilipowaka, ndipo akaanza kuunga. Alimwambia kijana, "Shaba hunywa moto. Inyweshe kwanza ishibe, halafu uiombe kazi."

MDOGO: Mimi nilikuja kulisoma jambo hilo miaka mingi baadaye, katika Kitivo cha Politekiniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Shaba hupitisha joto takriban mara 8 kuliko chuma cha kawaida. Ndiyo maana, ingawa huyeyuka kwenye nyuzi 1085 na chuma huhitaji karibu 1500, shaba nene humsumbua fundi zaidi: joto analolitia kwenye ufa hutawanyika pembeni kabla halijafanya kazi. Mwalimu alituonyesha hesabu yake ubaoni, nami nikakumbuka kile kijiti ulichokuwa ukinisimulia.

YAYA: Mji wetu umesimama juu ya maarifa ya namna hiyo. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906, na tanuru la hapa likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Lakini karne nyingi kabla ya hapo, wafua shaba wa Katanga walikuwa wakisubu misalaba ya shaba, ile iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960. Kwangu mimi ni haki kabisa kwamba mhandisi asome kwa jina la fundi.

MDOGO: Ni haki, lakini nina hofu moja. Nimeona mifuko iliyoanza kwa michango ya matanga, ikamlipia kijana minervali, yaani ada ya chuo, ya mwaka mmoja, ikaisha, na kijana akabaki katikati ya masomo. Hilo ni jambo la kuumiza. Tuzo za Alfred Nobel, aliyeandika wosia wake mwaka 1895, zimetolewa tangu 1901 kwa sababu mtaji uliwekezwa na kinachogawiwa ni mapato yake. Tuseme familia ina dola 10,000, nazo zinazaa asilimia 5 kwa mwaka: hapo kuna dola 500 za kutoa kila mwaka bila kula mtaji.

YAYA: Familia ina karakana. Ikipangishwa kwa fundi mwingine, kodi yake inaweza kuulisha mfuko, na mlango wa Baba Fundi ukabaki wazi.

MDOGO: Hilo ni wazo zuri mno. Basi mali hiyo itengwe kisheria, isije ikagombaniwa na warithi. Sheria ya Kongo namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, pamoja na kuruhusu vyama vyenye wanachama, inaruhusu pia mali kutengwa kwa ajili ya kazi ya manufaa ya umma. Waende kwa mwanasheria mapema, wakati ndugu wote bado wanasikilizana. Nayo minervali ilipwe chuoni moja kwa moja.

YAYA: Minervali peke yake haitoshi. Mwanafunzi wa elektromekaniki ambaye hana nauli ya kwenda staji, yaani mafunzo ya kazini, hana ovaroli wala viatu vya usalama, atafaulu mitihani bila kuwahi kukaza boliti. Ningependa kila anayefadhiliwa akae karakanani wakati wa likizo, ashike koleo, achome, akosee, arudie, chini ya mtu anayeijua kazi.

MDOGO: Na wanaochagua watakuwa nani? Maprofesa peke yao wataangalia alama tu.

YAYA: Mafundi waliofanya kazi na marehemu wameomba kiti kimoja mezani, na familia imekubali.

MDOGO: Fundi huyo atamwuliza nini mwombaji?

YAYA: Atamwekea mbele kipande kinene cha shaba chenye ufa, amwulize angeanzia wapi.