Tarehe 18 Aprili: Kijana aliyetoka Kwihara

ELIA: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu wa Tabora, Urambo, Nzega na popote mlipo. Shikamoo, Mama Neema.

MAMA NEEMA: Marahaba, mwanangu. Leo tarehe 18 Aprili. Siku kama ya leo, mwaka 1874, David Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London.

ELIA: Hilo tulifundishwa shuleni.

MAMA NEEMA: Mlifundishwa la Livingstone. Mimi leo namtaka mmoja wa waliobeba jeneza siku ile: Jacob Wainwright.

ELIA: Sijawahi kumsikia akitajwa kanisani.

MAMA NEEMA: Ndiyo maana nimekuja naye. Alikuwa Myao, alitekwa utumwani, akakombolewa, akapelekwa kusoma shule ya misheni kule Nasik, India. Mwaka 1872 Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipomwacha hapa kwetu, alimtumia watu kutoka pwani, na Jacob alikuwa miongoni mwao. Walimkuta mzee pale Kwihara, kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho. Mwezi Agosti wakaondoka naye.

ELIA: Kwihara, hapa hapa!

MAMA NEEMA: Hapa hapa. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafariki kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, waliokuwa naye miaka mingi, wakaongoza wenzao. Moyo wake wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani wiki mbili. Jacob ndiye aliyesoma sala za maziko, kisha akachonga jina la marehemu na tarehe kwenye shina la mti. Hebu fikiria, Elia. Kijana yuko katikati ya pori, kitabu cha sala mkononi, hakuna mchungaji wala padri. Watu wamesimama, wanamsubiri asome.

ELIA: Na safari yote ile kwa miguu...

MAMA NEEMA: Miezi! Walipofika hapa Unyanyembe, yaani eneo letu hili la Tabora, wakakutana na msafara wa Waingereza uliokuwa ukimtafuta Livingstone. Kiongozi wao, Cameron, akashauri mwili uzikwe hapa. Susi na Chuma wakakataa.

ELIA: Wakamkatalia mkubwa yule?

MAMA NEEMA: Wakakataa kabisa. Walipotoka Tabora, njiani wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakakata mabua ya mtama, wakayafunga sanda kama maiti, watu wachache wakayabeba kurudi nayo Unyanyembe, ati wanakwenda kuzika. Walipofika porini wakayatupa. Mwili wenyewe ulishafungwa upya kama robota la nguo, ukaendelea na mizigo mingine hadi Bagamoyo. Februari 1874 wakafika.

ELIA: Na Jacob akapanda meli na ule mwili.

MAMA NEEMA: Akaenda na mwili hadi London. Susi na Chuma hawakuwepo kwenye maziko. Walifika Uingereza baadaye mwaka huohuo. Hilo linaniuma mpaka leo. Watu wamebeba mzigo ule miezi tisa, halafu kaburi linafukiwa wao hawapo!

ELIA: Baada ya hapo Jacob alikwenda wapi?

MAMA NEEMA: Alirudi Afrika. Akafariki mwaka 1892, na alifia Urambo.

ELIA: Urambo yetu?

MAMA NEEMA: Urambo ya Mtemi Mirambo, ambako wamisionari wa London walikuwa na kituo. Nimezaliwa Urambo, nimebatizwa Urambo, na jina hilo nimelijua nikiwa na wajukuu.

ELIA: Mama, nina watoto wa shule ya Jumapili. Niwapeleke Kwihara, tufunge mabua kama wale wazee walivyofanya. Wakiyashika kwa mikono hawatasahau.

MAMA NEEMA: Mtama bado uko shambani, haujakauka. Chukueni mabua ya mahindi. Kanga ya kufungia nitaleta mimi.