Kutolewa Mapema Hakumaanishi Ulicheza Vibaya

Mabibi na mabwana, wapenzi wa karata, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kupanda na kushuka kwa mchezaji wa ridhaa katika mashindano ya poka. Ninayemsema ni yule mwenye kazi nyingine inayomlisha, anayetoa kiingilio mfukoni mwake, anacheza mwisho wa wiki, na Jumatatu yuko kazini kama kawaida. Mimi ni mmoja wao, na nikitazama nyuso humu ukumbini naona wenzangu wengi.

Neno langu kubwa nitalisema mapema. Matokeo ya mchezaji wa ridhaa hayamwambii karibu chochote kuhusu uwezo wake. Akishinda, hajui kama anajua. Akishindwa mara nyingi mfululizo, hajui kama hajui. Mchezaji wa kulipwa anacheza mashindano mengi mno, na bahati yake hatimaye husawazika, japo nayo huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Sisi hatuna wingi huo. Mtu anaweza kucheza maisha yake yote ya ridhaa, akastaafu karata, na bahati yake isiwe imesawazika bado. Hilo ndilo linalotuumiza, na ndilo nataka tuliangalie kwa makini, kwa sababu nimeona watu wazuri wakiuacha mchezo wanaoupenda kwa kusoma vibaya mabonde yao, na wengine wakipoteza akiba kwa kusoma vibaya vilima vyao.

Tuanze na jinsi mashindano yenyewe yalivyoundwa. Kwa kawaida wanaopata zawadi ni kama asilimia 10 hadi 15 ya walioingia. Wengine wote wanaondoka mikono mitupu. Sasa chukua mchezaji mzuri, tuseme anafika kwenye zawadi mara 15 katika kila mashindano 100. Nafasi yake ya kucheza mashindano kumi mfululizo bila kugusa zawadi ni ngapi? Ni karibu 20 katika 100. Wachezaji watano wenye uwezo huo huo, mmoja wao atapita mashindano kumi bila kitu, na hajafanya kosa lolote. Ukienda hadi mashindano ishirini, bado wapo kama wanne katika kila mia watakaotoka kapa yote ishirini. Kwa mtu anayecheza mara moja kwa mwezi, ishirini ni zaidi ya mwaka na nusu. Fikiria mwaka na nusu wa kurudi nyumbani na kuulizwa, "Vipi, umeshinda?"

Na hata hiyo zawadi ya chini hairudishi zaidi ya kiingilio na kidogo juu yake. Fedha nyingi ziko nafasi chache za juu. Kwa hiyo mapato ya mchezaji wa mashindano, hata aliye bora, huja kwa mafungu makubwa yaliyoachana mbali, na katikati kuna ukame.

Kuna sababu ya pili, nayo imo ndani ya karata zenyewe. Katika poka ninayoizungumzia kila mchezaji anapewa karata mbili zake, na tano za wote hufunuliwa mezani. Jozi ya ree, karata ya juu kabisa, unapewa mara moja katika kila ugawaji 221 kwa wastani. Ukiipata, na mwenzako akawa na jozi ya wafalme, utashinda takriban mara 82 katika 100. Hakuna hali nyingi mezani zilizo nzuri kuliko hiyo. Lakini ili umalize mashindano ukiwa bingwa lazima usukume chipu zote katikati, yaani uhatarishe kila ulicho nacho, zaidi ya mara moja. Tuseme wewe ni hodari kiasi kwamba kila unaposukuma una nafasi ya 80 katika 100, na unahitaji kuvuka mara tano. Piga hesabu: 0.8 mara 0.8 mara 0.8, hadi tano. Utavuka zote kama mara 33 katika 100. Mara mbili kati ya tatu utaangushwa na mtu aliyekuwa nyuma yako. Na ninawaambia ukweli, hakuna kati yetu anayesukuma chipu kila mara akiwa na 80.

Aliyeitikisa dunia ya poka kuliko mwingine yeyote alikuwa mmoja wetu. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, Marekani, aliingia shindano kuu la World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka ya huko Las Vegas. Kiingilio chake ni dola 10,000, lakini yeye alifuzu kupitia shindano dogo la intaneti lililomgharimu dola 86. Wachezaji walikuwa 839. Alishinda dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata walioingia walikuwa 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773. Watu wa kawaida walimwona mhasibu akiwapiga mabingwa, wakasema, kumbe hata mimi.

Ninampenda sana Moneymaker, na nitarudi kwenye ujasiri wake. Lakini tazameni karata moja. Walikuwa wamebaki wachezaji kumi, yeye na Phil Ivey, mchezaji wa kulipwa, wakakutana. Moneymaker alikuwa na ree na malkia, Ivey jozi ya tisa. Karata tatu za kwanza mezani zikawa malkia, malkia na sita: Moneymaker ana malkia watatu, yuko mbele sana. Karata ya nne ikawa tisa. Ivey sasa ana tisa tatu na malkia wawili, yuko juu, na chipu zote zikaingia katikati. Imebaki karata moja. Moneymaker anaokolewa na ree yoyote kati ya tatu, sita yoyote kati ya tatu, au malkia wa mwisho. Karata saba kati ya 44 ambazo hazijaonekana, yaani kama 16 katika 100. Ikaja ree. Ivey akatoka wa kumi.

Kama ingekuja karata nyingine yoyote kati ya zile 37, Moneymaker angepata pigo zito, na huenda leo hakuna anayelijua jina lake. Je, angekuwa amecheza vibaya? Hapana. Angekuwa mchezaji yule yule, mwenye uamuzi ule ule. Kilichobadilika ni karata, na karata haijui nani anastahili.

Ujasiri wake sasa. Walipobaki wawili, yeye na Sammy Farha, Moneymaker alikuwa akisubiri karata ya tano ikamilishe mkono wake, yaani mseto wa karata zake, haikuja, akabaki bila kitu. Akasukuma chipu zote. Farha alikuwa na jozi ya tisa, bora kwa mbali. Alifikiri, akafikiri, akatupa karata. Huo ni mkwara, yaani kumtisha mwenzako bila karata, wa kiwango cha juu kabisa, uliopigwa na mhasibu mbele ya mtu anayeishi kwa karata. Hapo hapakuwa na bahati ya kumwokoa: Farha angefuata, yaani angeweka chipu za kulingana, Moneymaker angekuwa amepoteza. Mtu anayesema Moneymaker alibahatika tu hajautazama mkono huu, na anayesema alishinda kwa ustadi tu hajautazama ule wa Ivey.

Kuna jambo moja ambalo wachezaji wa ridhaa wengi hawalijui, na linawagharimu fedha pale pale wanapofika mbali. Chipu za mashindano si fedha. Tumebaki watatu, tuna chipu sawa, na mfuko wa zawadi ni 100: wa kwanza 50, wa pili 30, wa tatu 20. Tukichukulia uwezo wetu ni sawa, haki ya kila mmoja ni 33 na theluthi. Mwenzangu anasukuma chipu zote, namfuata. Nikishindwa, natoka na 20, nimepoteza 13 na theluthi. Nikishinda, nina theluthi mbili za chipu zote. Thamani yangu sasa ni ngapi? Nina uhakika wa 30, na theluthi mbili za zile 20 zinazobaki kugombewa: jumla 43 na theluthi. Chipu zimekuwa maradufu, lakini nimepata 10 tu juu ya nilichokuwa nacho. Na yule wa tatu, aliyekaa kimya bila kugusa karata, amepanda kutoka 33 hadi karibu 37. Sisi tumepigana, yeye amelipwa.

Kwa kuwa nahatarisha 13 na theluthi ili nipate 10, hapo nahitaji kushinda zaidi ya 57 katika 100 ndipo nifuate. Jozi ya tisa dhidi ya ree na malkia, mikono ile ile ya Ivey na Moneymaker kabla ya karata za mezani, hushinda kama 55. Kwenye meza ya fedha taslimu, ambako kila chipu ina thamani yake kamili ya fedha, ni kufuata bila kusita. Hapa, hata ukionyeshwa karata za mwenzako waziwazi, unatupa. Nendeni nayo nyumbani hesabu hii, ifanyeni kwa kalamu, badilisheni zawadi, badilisheni chipu. Ni saa moja ya kazi, na itawafaa kuliko miezi ya kulalamikia karata ya mwisho.

Sasa hasira. Sote tunamjua mtu aliyepandwa na mori: amepigwa na karata ya mwisho, na mikono mitatu inayofuata anasukuma chipu kwa ghulamu na nne, karata dhaifu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Mezani hilo linaonekana vizuri. Kila mchezaji atakusimulia jinsi ree zake zilivyovunjwa. Ni nani amewahi kukusimulia kwa uchungu ule ule siku alipokuwa nyuma na akaokolewa? Siku hizo tunazisahau kabla chipu hazijapangwa. Matokeo yake kila mtu anaamini ana mkosi kuliko wenzake, jambo ambalo haliwezekani.

Lakini mimi naogopa vilima kuliko mabonde. Bonde linamfanya mtu ajiulize. Kilima kinamnyamazisha. Mtu anashinda shindano dogo mapema, anapata mara hamsini ya kiingilio chake, na mwezi unaofuata yuko kwenye mashindano ya kiingilio mara kumi, dhidi ya watu waliosoma mchezo usiku na mchana. Hajabadilika yeye, kimebadilika kile anachokiamini. Hata hadithi zetu tunazozipenda zinachangia. Mwaka 1982 Jack Straus alibaki na chipu moja katika shindano kuu la Las Vegas, akaishia kuwa bingwa. Ni hadithi nzuri, na inatufundisha kutokata tamaa tukiwa na chipu chache. Ila kuna watu wengi mno waliobaki na chipu moja na kutoka dakika iliyofuata, na hao hakuna anayewasimulia.

Mtaniuliza, kama matokeo hayasemi, nitajuaje ninasonga mbele? Kwa maamuzi. Wakati wa mapumziko andika mkono mmoja ulioutilia shaka: ulikuwa na chipu kiasi gani ukilinganisha na dau la lazima (chipu ambazo wachezaji hulazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa), nani alianza, ulidhani mwenzako ana nini, na kwa nini. Kisha mpe rafiki mwenye ujuzi, lakini usimwambie uliishaje. Hili ni muhimu mno. Simulizi ikifika kwenye uamuzi wako, nyamaza, mwache aseme yeye angefanya nini. Ukimwambia kwanza kwamba ulipoteza, atatafuta kosa hata kama halipo. Ukimwambia ulishinda, atakupongeza hata kama ulifanya upuuzi. Sisi marafiki zangu tumekubaliana hivyo, na nimejifunza zaidi katika mazungumzo hayo kuliko katika zawadi yoyote.

Chagueni pia mashindano yenu. Katika shindano kuu la Las Vegas dau la lazima hupanda kila baada ya saa mbili. Katika mashindano mengi madogo hupanda kila dakika kumi na tano au ishirini. Kadiri linavyopanda haraka ndivyo unavyolazimika kusukuma chipu mapema, na ndivyo ustadi unavyokosa muda wa kufanya kazi. Mtu akicheza ya haraka tupu kisha akashangaa kuyumba kwake, jibu liko kwenye saa iliyoko ukutani.

Kuna mkono umeinuliwa kule nyuma. Ndiyo, dada. (Msikilizaji aliuliza kuhusu fedha: mtu atenge kiasi gani, na afanye nini zikiisha.)

Asante, na nashukuru umeuliza, maana ningesikitika tukitoka bila kuligusa. Mchezaji wa ridhaa atenge fedha ambazo zikiisha zote hakuna mtu nyumbani atakayeathirika, na azigawe katika viingilio vingi, si viwili au vitatu. Tumeona kwamba mashindano ishirini matupu yanamtokea hata mchezaji mzuri, kwa hiyo mwenye viingilio kumi tu mfukoni bado anacheza karibu sana na ukingo. Zikiisha, apumzike mpaka atakapotenga nyingine kutoka kwenye mshahara wake. Asikope. Asiguse ada wala kodi ya nyumba. Na akijiona anaficha kiasi alichopoteza kwa mwenzi wake, au anaingia shindano la usiku ili kurudisha ya mchana, hapo suala si karata tena. Amweleze mtu anayemwamini usiku huo huo, na atafute msaada wa mtaalamu wa uraibu wa kamari. Nimewaona waliofanya hivyo wakapona. Mmoja wao bado tunakutana naye kila wiki kuchambua mikono. Hachezi tena kwa fedha, na katika kundi letu hakuna anayesoma mkono vizuri kama yeye.