Muujiza Huu Kaulipia Nani? Mhadhara kuhusu Riwaya za Fantasia Tunazozipenda

Ahsanteni, kaeni. Vikaratasi vyenu ninavyo hapa mkononi. Nimevisoma vyote wakati mwenyekiti akinitambulisha, ndiyo maana hamkuniona nikiona haya pale alipozidisha sifa. Mliombwa mtaje kitabu cha fantasia mnachokipenda kuliko vyote, na sababu yake. Tolkien wa The Lord of the Rings yumo, tena tele. Rowling wa Harry Potter yumo. Le Guin wa vitabu vya Earthsea yumo kwa uchache, na hao waliomtaja nawaomba wasiondoke kabla hatujasalimiana. Na majina sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na sababu. “Kina majoka.” “Kina ramani nzuri.” Mwingine huyu kaandika “uchawi mkali,” halafu kapiga mistari miwili chini yake.

Wanaonijua wameshajua ninakoelekea, wameanza kucheka. Chekeni tu. Nimelisema hili miaka nenda miaka rudi, na leo nalisema tena: muujiza usiomgharimu mtu kitu hauna utamu. Mwandishi akinionyesha mtu anayeruka angani, mimi namwuliza, huyu analipa nini? Na kama halipi yeye, nani anamlipia? Akikosa jibu, namfungia kitabu chake, hata kiwe na majoka mia.

Twende kwa Shaaban Robert, Adili na Nduguze, 1952. Wengi wenu mmekisoma, kwa hiyo sitasimulia tangu mwanzo. Shuleni mliambiwa ni kitabu cha maadili, wema una malipo na uovu una malipo, mkajibu mtihani, mkakiweka kando. Nataka mkifungue upya pale penye usiku. Adili, mtawala wa Janibu, mtu anayesifiwa kwa haki na upole, watu wakishalala anachukua mjeledi, anaingia chumbani walimofungwa nyani wawili, anawachapa. Hawachapi kwa furaha. Anawachapa huku moyo unamuuma, kisha anawabembeleza na kuwalisha chakula kizuri. Kesho usiku hivyo hivyo. Mjumbe wa mfalme anayachungulia hayo kwa siri, na hana la kufikiri ila kwamba mtu huyu mwema ni katili aliyejificha.

Sasa angalieni hesabu ilivyokaa. Nyani hao ni ndugu zake, ndio waliomtosa baharini. Jini aliyewageuza aliwageuza kwa mara moja, muujiza ukaisha hapo. Lakini amri ya kuwachapa kila usiku kaachiwa nani? Kaachiwa aliyetendewa ubaya. Jini hachapi. Anayechapa ni Adili, na akikosa usiku mmoja, jini atamwadhibu yeye. Yaani malipo yamebebeshwa asiye na hatia, tena kwa mkono wake mwenyewe, na wanaochapwa ni damu yake. Tuambieni, enyi wa majoka, ni joka gani linalotisha kuliko hilo?

Mtasema Shaaban Robert hakuibuni hadithi hii, iko ndani ya Alfu Lela Ulela. Najua. Kila ninapozungumza hapakosi mtu wa kuniletea habari hiyo kana kwamba kafukua hazina. Ndiyo, iko humo, na humo ndugu wamegeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawatoa mbwa, akaweka nyani. Mnaona alichokifanya? Mbwa ukimchapa ni mnyama anayelia. Nyani ana viganja, ana vidole, ana uso unaokutazama, anaweza kuinua mkono kuukinga mjeledi. Kwa badiliko hilo moja bei ya muujiza imepanda, na anayeilipa ni yule yule. Halafu tazameni mwisho. Katika Alfu Lela Ulela ndugu wanarudishiwa umbo la watu, kisha wanajaribu tena kumuua ndugu yao. Shaaban Robert anawatubisha. Wako wanaosema alilainisha. Mimi nasema hakulainisha chochote. Kusamehewa na mtu aliyekuchapa kila usiku, na kuketi naye meza moja asubuhi, hilo nalo si jambo jepesi kwa yeyote kati ya watatu hao.

Namwona bwana mmoja kule nyuma anatikisa kichwa. Anataka kuniambia hiyo ni hekaya, si fantasia, kwamba fantasia ni ile ya kizungu yenye juzuu tatu. Ndugu yangu, ukitaka kugombania kibandiko cha rafu mpigie mkutubi. Nchi iliyo angani, kama ile ya Kusadikika, kitabu kingine cha Shaaban Robert, ambako mjumbe anakwenda safari ya hatari, anarudi na maarifa ya manufaa, kisha anatupwa gerezani kwa kuyaleta, wewe unaiweka rafu ipi?

Mwaka huo huo wa 1952, London, kikatoka kitabu cha Mnigeria, Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard. Katika vikaratasi vyenu hakimo hata kimoja. Nimevipekua mara mbili. Mlevi wa mvinyo wa mnazi kafiwa na mgema wake, basi anafunga safari kumfuata huko waliko wafu. Njiani yeye na mkewe wanafika kwenye mti mkubwa mweupe, ndani yake kuna mama anayehudumia wasafiri. Hawaingii hivi hivi. Mlangoni wanauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6. Hofu yao hawaiuzi, wanaikodisha, kwa pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi.

Peni sita! Mwandishi mvivu angesema “kwa fedha nyingi.” Tutuola alikuwa tarishi wa ofisini, anajua risiti ni kitu gani. Na wakati wa kutoka ndipo utamu ulipo: hofu wanarudishiwa, maana ilikuwa ya kukodisha, lakini kifo kimeshauzwa, hakirudi. Kwa hiyo wanaendelea na safari hawafi, ila wanaogopa. Fikirini mtu asiyeweza kufa lakini kila kiumbe anachokutana nacho kinamtetemesha. Kutokufa ndiyo ndoto kubwa ya binadamu, na Tutuola kaitoa mbele yetu kama biashara iliyofanywa mlangoni kwa haraka, bila kusoma masharti. Katika kurasa chache tu! Wapo wanaoandika juzuu kumi kuhusu watu wasiokufa na hawalifikii hilo.

Naonyeshwa saa. Nilijua. Basi wengine nawapitia mbio.

Le Guin. Mtoto wa kijijini, Ged, ana kipaji na kiburi, anaita roho ya mfu ili amkomeshe mwenzake shuleni. Kivuli kinatoka pamoja nayo. Mkuu wa wachawi anafariki akiziba ufa ule, na mtoto anabaki na makovu usoni. Hicho ni kitabu cha 1968. Katika kile cha 1972 Ged, sasa mtu mzima, anaziba ufa mwingine mkubwa zaidi, na uwezo wake wote unakwisha. Kisha mwandishi akakaa miaka mingi, akarudi 1990 na Tehanu, na Ged bado hana kitu. Anachunga mbuzi. Wapo wasomaji waliochukia, walitaka shujaa wao arudishiwe nguvu. Le Guin hakurudisha. Huyo ndiye mwandishi anayeheshimu deni.

Tolkien nisimseme sana, mmemsema ninyi. Ila nyie mliotaja vita na majoka, mbona hakuna aliyetaja kidole? Frodo, shujaa wake aliyebebeshwa pete ya uovu akaiangamize, anafika mwisho wa safari na kushindwa, anaitaka pete iwe yake, na inamtoka pamoja na kidole. Anarudi kwao, watu wamepona, miti inaota upya, na yeye kila siku ya kumbukumbu ya jeraha lake inapowadia anaugua. Hatimaye anapanda meli anaondoka. Kwao kumeokoka, yeye hakai.

Na wewe wa “uchawi mkali,” uliyemtaja Rowling, usidhani nakudhihaki. Rowling anaijua bei vizuri kuliko mashabiki wake. Wachawi wake hawawezi kuumba chakula kutoka kwenye hewa tupu, hilo limewekwa kama sheria. Na mtu anayetaka kuukimbia mauti kwa kuificha nafsi yake vipande vipande, kila kipande anakilipia kwa kuua. Ungeandika hilo kwenye karatasi ningekukumbatia.

Pratchett, yule wa vitabu vya Discworld, nilitaka kumpa dakika kumi, kwa ajili ya yule bibi yake mchawi, Granny Weatherwax, anayeweza kila kitu na kwa hiyo anajizuia karibu kila kitu. Hapo bei inalipwa kabla, kwa kujinyima, na kicheko chote cha vitabu vile kinasimama juu yake. Dakika hizo sina. Kezilahabi, na riwaya zake Nagona na Mzingile, huyo namwacha kabisa, maana kumsema kwa dakika mbili ni kumvunjia heshima, na najua kuna wanafunzi hapa wanaomwandikia tasnifu, watanikaanga.

Nimalizie kwa pingamizi moja ambalo halinikoseshi usingizi lakini linastahili jibu: kwamba nataka kila kitabu kiwe cha huzuni. Hapana. Yule mlevi wa Tutuola anachekesha kurasa nyingi, na Pratchett pia anachekesha. Bei inaweza kuwa ya kuchekesha. Ninachokataa ni bure.

Haya, maswali. Yule bwana wa rafu aanze, maana ameinua mkono tangu nilipomtaja mkutubi.