Namba moja, vyanzo vingi: mapafu ya mgonjwa mwenye maradhi ya kinga yaliyoingiliana

Wenzangu, leo nina mgonjwa mmoja tu wa kuwaeleza. Ana skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi na kutia makovu viungo vya ndani, tena ana myositisi, yaani kinga inashambulia misuli: ya mabega na mapaja imelegea. Sasa akipanda ngazi pumzi inamwishia.

Tunampima kwa spirometa, kifaa anachopulizia, ujazo wa hewa umeshuka. Kalamu inakimbilia kuandika "makovu ya mapafu". Ngojeni kwanza. Angekuwa na skleroderma peke yake nisingebisha sana. Kwa huyu, huenda mapafu ni mazima ila kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, kimedhoofu sawa na mapaja. Mpimeni tena akiwa amelala chali. Hewa ikipungua sana kuliko alipokuwa ameketi, shukuni kiwambo.

Halafu angalieni jinsi mapafu yanavyopitisha gesi kwenda kwenye damu. Kipimo hicho kikiporomoka huku ujazo wa hewa umeshuka kidogo tu, fikirieni shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu, na moyo upimwe kwa ekokadiogramu, picha ya mawimbi ya sauti. Yote mawili, makovu na shinikizo, yanaweza kuwepo pamoja. Eksirei safi isiwatulize: makovu machanga huonekana kwenye CT ya vipande vyembamba.

Najua kuna atakayesema: "Lakini ANA yake ni hasi," yaani kipimo cha kingamwili zinazolenga kiini cha seli za mwili wenyewe. Sawa, na bado hatujamaliza. Kingamwili kama Jo-1 hulenga vimeng'enya vilivyo kwenye saitoplazimu, nje ya kiini cha seli, kwa hiyo maabara inayoripoti kiini tu huweza kutuandikia "hasi". Ombeni vipimo vya kingamwili za myositisi, na mshikeni mgonjwa mikono: ngozi ya pembeni mwa vidole ikiwa kavu, ngumu na imepasukapasuka, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kingamwili kama hizo za Jo-1. Mwenye kingamwili ya MDA5, nyingine ya myositisi, ndiye ananitisha zaidi. Kimeng'enya cha misuli kinachopimwa kwenye damu chaweza kuwa cha kawaida kabisa, huku mapafu yakiharibika ndani ya wiki chache.

Na kama tayari anatumia methotrekseti na steroidi, dawa za kushusha kinga, weupe mpya kama wingu kwenye CT unaweza kuwa madhara ya dawa, nimonia ya kuvu aitwaye Pneumocystis, au kifua kikuu. Kuongeza dawa za kushusha kinga kabla ya kutafuta vijidudu ni kamari. Hali yake ikiruhusu, aoshwe mapafu kwa bronkoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya hewa, sampuli ziende maabara siku hiyohiyo.

Karibuni kwa maswali.