Ukuta wa Seli Haupigi Mtu

Mhadhara kwa wasaidizi wa kisheria wa kujitolea, Mombasa

Mwenyekiti amenipa mada tano juu ya vifo mikononi mwa polisi, kwa dakika arobaini. Mnaonijua mmeshaanza kucheka, kwa sababu mnajua nitakwama kwenye ya kwanza. Haya, chekeni.

Sitawasomea Katiba. Kifungu cha 49 na saa zake ishirini na nne za kumfikisha mshukiwa mahakamani mnakijua kwa ghibu, na wengine wenu mmekisoma mbele ya OCS, mkuu wa kituo, mkafukuzwa nacho. Leo nataka tusimame kwenye kaunta ya kituo cha polisi, tusiende popote.

Mtu ameletwa. Anaambiwa avue mshipi, atoe kamba za viatu, simu, pesa. Vituo vingine wanamwachia kiatu kimoja tu. Uliza kwa nini mshipi, utajibiwa bila kusita: asije akajinyonga humo ndani. Jibu zuri kabisa, na mimi nalikubali. Ila angalia maana yake. Serikali imesema kwa kinywa chake kwamba kuanzia saa hii uhai wa mtu huyu uko mikononi mwangu, na nitamlinda hata na nafsi yake mwenyewe. Ufunguo inao yenyewe. Inajua yenyewe nani kaingia na nani katoka. Halafu alfajiri mama anapigiwa simu aje, mwanawe kajigonga ukutani. Mimi hapo sianzi na nani kamuua. Naanza na wewe uliyechukua mshipi: ulikuwa wapi?

Na hizi hadithi mnazijua. Kajigonga ukutani. Karuka kwenye gari likiwa mbioni. Kazidisha dawa za kulevya. Kapigwa na mahabusu wenzake. Kaja hapa tayari kapigwa na wananchi. Zipange zote mezani uone zinavyofanana: katika kila moja polisi ni mtazamaji, na mara nyingi mshukiwa wa kwanza wa kifo ni marehemu mwenyewe. Na zote zimeandikwa na kalamu moja, ile iliyo kaunta, ndani ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, usiku, kabla hakimu, daktari, wakili wala mama hawajafika.

Hilo ndilo langu. Tunapigania hukumu miaka kumi, na kesi imeshaharibiwa katika saa tatu za mwanzo.

Chukueni Ruaraka. Nimeisimulia sana hii, mtanisamehe, lakini kila nikiiacha nakutana na mtu asiyeijua. Desemba 2013, Nairobi, kijana anaitwa Martin Koome anakamatwa baada ya ugomvi wa nyumbani. Sikilizeni vizuri, ugomvi wa nyumbani. Hakuwa na bunduki, hakuiba benki. Mambo ambayo huku kwetu mzee wa mtaa anayamaliza kabla chai haijapoa. Anapelekwa kituo cha Ruaraka. Anapigwa humo ndani, anakufa. Sasa kuna maiti na kuna kituo kizima cha watu waliokuwa zamu. Nani anabebeshwa? Mahabusu mwenzake! Mtu aliyekuwa kafungiwa seli ileile, naye mshipi wake uko kaunta, anafunguliwa mashtaka ya mauaji.

Hebu jiweke mahali pake. Umeingia seli kwa jambo lako dogo, umelala sakafuni, usiku unashuhudia mtu anapigwa na mkuu wa kituo. Asubuhi unaambiwa wewe ndiye uliyeua. Utamwambia nani? Malalamiko dhidi ya polisi unayapeleka kwa polisi walewale: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Na ushahidi wako ni nini? Kitabu kiko kwao. Ungekuwa na wakili wa kulipwa labda angepiga kelele. Huna. Ukienda gerezani, kifo kimepata mwenyewe, faili limefungwa, hakuna atakayeuliza tena. Tafadhali tuwe wakweli, ni wangapi wamekwenda hivyo kabla ya 2013, wakati hakukuwa na mtu wa nje wa kuuliza?

Kilichomwokoa huyo mahabusu wa Ruaraka ni kwamba IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ilikuwa imeshaundwa, kwa sheria ya 2011, na wachunguzi wake waliingia wakawahoji watu waliokuwa ndani usiku ule. Watu wa seli, wale mnaoambiwa kwamba ushahidi wao hauna uzito kwa sababu ni wahalifu. Hadithi ya polisi ikaporomoka. Mshtakiwa wa kubandikwa akaachiliwa, na kizimbani akapanda OCS mwenyewe, Nahashon Mutua. Desemba 2018 Jaji Stella Mutuku akampata na hatia ya mauaji, na Februari 2019 akamhukumu kifo. Msinipigie makofi kwa kifo hicho, sikuja kushangilia kitanzi, na Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Ninachotaka mkione ni kwamba hukumu ile ilitegemea mtu wa nje kupata ushahidi wa seli kabla haujatawanyika. Wiki mbili zaidi, mashahidi wamepelekwa magereza mbalimbali, wametishwa, wameachiliwa na kupotelea makwao, na yule mshtakiwa wa kubandikwa yuko ndani mpaka leo.

Najua kuna mtu nyuma pale anataka kusema nyinyi watu wa haki mnatetea wezi. Swali hili halikosi mkutano. Ndugu yangu, mwizi adhabu yake imo kwenye Kanuni ya Adhabu, nenda ukaisome yote, hakuna mahali imeandikwa OCS aitekeleze usiku baada ya chakula. Na mbona hamuulizi kuhusu polisi wanaouawa? Naulizwa hilo pia. Polisi akiuawa, mshukiwa hapewi nafasi ya kuandika ripoti ya kwanza ya kifo hicho. Nipeni mimi usawa huohuo tu, sitaki zaidi.

Na msidhani nawachukia askari. Nimeona nyumba wanazolala, familia mbili chumba kimoja, katikati pazia. Konstebo wa zamu ya usiku ndiye wa kwanza kutolewa kafara mambo yakiharibika juu. Kitabu kilichoandikwa sawasawa ndicho kinga yake yeye kuliko mtu yeyote. Afande akikuletea mtu anayevuja damu, andika anavuja damu, na andika saa. Mwisho wa mwaka utanishukuru.

Turudi. Juni 2025 mmeiona wenyewe. Albert Ojwang, mwalimu, aliyefundisha hapa jirani zetu Taita Taveta. Anakamatwa kwao Homa Bay tarehe 7, kwa maneno ya mtandaoni yaliyomhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa polisi. Anasafirishwa mpaka Nairobi, mamia ya kilomita, anapita vituo vya polisi njia nzima ambavyo vyote vina seli na kalamu. Baba yake anafunga safari akiwa na hati ya shamba, kwamba nikifika nitaiweka dhamana nimtoe mwanangu. Hati ya shamba, jamani, mzee kaikunja kaitia mfukoni. Anafika, anaambiwa mtu amekufa.

Na taarifa ya polisi ilisemaje? Ukuta. Alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Tarehe 10 mwanapatholojia wa serikali, Dkt. Bernard Midia, akatoka mbele ya vyombo vya habari akasema alichokikuta: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na michubuko sehemu nyingi za mwili, mambo yasiyolingana na mtu kujigonga. Ukuta haubani shingo. Kisha IPOA ikawaambia maseneta kwamba kamera za kituo zilichezewa. Na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi kwa ile taarifa ya ukuta, akieleza kwamba alitegemea aliyoletewa kutoka chini. Kesi ya mauaji iko mahakamani, polisi wakiwa miongoni mwa washtakiwa, sitaigusa zaidi ya hapo. Lakini hilo la kuomba radhi nalirudia kila niendapo. Kalamu ya kaunta ina nguvu hivyo: ilimwandikia mkubwa wa polisi wa nchi nzima la kusema.

Wakili aliyeko mbele ananinong'oneza mzigo wa ushahidi, kwamba uko kwa anayeshtaki. Mheshimiwa, nakubali, mshtakiwa mmoja mmoja ana haki zake na lazima athibitishiwe. Lakini kuna kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi, juu ya jambo ambalo mtu fulani peke yake ndiye anayelijua, kwamba yeye ndiye wa kulithibitisha. Usiku ule ndani ya seli ile, nani mwingine anajua? Itifaki ya Minnesota, ile ya Umoja wa Mataifa iliyofanyiwa marekebisho 2016, inasema wazi kwamba mtu akifa mikononi mwa dola, dhana ya kwanza ni kuwa dola inawajibika mpaka ioneshe vinginevyo. Na kwetu hapa, kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka hakimu achunguze kifo cha mtu aliye chini ya ulinzi wa polisi au magereza. Kinamtaka yeye, hakikungoji wewe uandamane. Mara ngapi mmeona hakimu anatokea kituoni bila kuvutwa?

Mada ya pili, nitakwenda mbio. Muda. Diani, Mei 2012, Alexander Monson, Mwingereza wa miaka 28, anakamatwa, anafia hospitalini baada ya kutolewa kituoni. Polisi: dawa za kulevya. Uchunguzi wa kitabibu: kichwa kilipigwa. Mwaka 2018 ndipo hakimu Mombasa hapa akaamua kwamba polisi walihusika. Novemba 2021 ndipo askari wanne wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Miaka tisa na nusu, na huyo baba yake ni lodi, ana fedha, ana ubalozi, ana magazeti ya London. Sasa nipigieni hesabu ya mtoto wa Likoni ambaye mamake anauza mahamri.

Na hapa kuna jambo letu sisi wa Pwani, nalisema nikijua litaudhi. Tunazika haraka. Mtu kafa usiku, adhuhuri ameshaswaliwa. Ni sunna, siipingi, na uchungu wa kuona mwili wa mtoto wako unapasuliwa naufahamu. Lakini polisi nao wanaufahamu! Wanawaambia familia, chukueni tu mkamstiri maiti wenu, msimchelewesheni. Maiti akishaoshwa, damu imekwenda. Nguo zimetupwa. Ile alama ya pingu haina picha. Wanavyuoni wengi wameruhusu upasuaji pale haki ya marehemu inapoutaka, na masheikh mlioko hapa nawaomba mlitamke msikitini kabla ya msiba, si siku ya msiba, siku hiyo hakuna anayesikia. Kule Kinango, Agosti 2014, binti wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, alipigwa risasi na polisi usiku ndani ya nyumba, wakadai aliwajia na panga. Hakuwa seli, lakini hadithi ni ya ukoo uleule. Mwili ulishazikwa, ikabidi ufukuliwe. Askari wawili walifungwa miaka saba saba mwaka 2016. Ilipatikana, ndiyo, ila kwa kumtoa mtoto kaburini.

Kwa hiyo kazi yenu. Ukipigiwa simu kwamba fulani kashikwa, usianze na dhamana. Najua familia inataka dhamana, na bondi ya polisi ni bure, bango lenyewe liko ukutani. Anza na macho. Nenda na mtu wa pili. Omba namba ya OB, iandike, andika na saa uliyopewa. Omba kumwona mtu, mwambie asimame, ageuke, azungumze. Ukikatazwa kumwona, andika nani kakukataza na namba iliyo begani kwake. Mtume mwenzako ujumbe wa simu saa hiyohiyo, kwa sababu ujumbe una saa yake na hauwezi kufutwa na mtu wa kaunta. Sasa mna kitabu cha pili, nje ya kituo. Na ikitokea msiba, msiruhusu upasuaji bila daktari wenu ndani ya chumba, IMLU, lile shirika huru la madaktari na wanasheria, wanasaidia kwa hilo, na nguo za marehemu ziandikiwe zimekabidhiwa nani.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilitaka kusema juu ya sheria ya wachunguzi wa vifo, ile ya 2017, iliyopitishwa kwa shangwe halafu ikaachwa kabatini miaka na miaka. Hiyo pekee ni mhadhara, maana ndiyo ingeutoa mwili mikononi mwa polisi. Ulinzi wa mashahidi, mkumbuke Willie Kimani, wakili, mteja wake na dereva wao wa teksi, 2016, walichukuliwa wakitoka kortini Mavoko kwa sababu mteja alithubutu kumshtaki askari. Hukumu ilikuja, 2023, kifo kwa mmoja na vifungo kwa wengine, lakini watatu hao hawakurudi. Wale ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, waliofia mikononi mwa polisi wakidaiwa kuruka garini wakati wa kafyu ya 2021. Wakubwa waliotoa amri, je? Fidia? Yote nimeyaruka, na fidia ndiyo mliyoitaka zaidi, naona nyuso.

Mwenye swali la fidia anifuate nje. Mwenye jamaa aliyeko ndani ya kituo sasa hivi aje kwanza, na aje na namba ya OB.