Mabawa Yaliyokunjwa: Ndege ya Darth Vader na Thamani ya Rubani

Ndugu zangu, habari za jioni, na ahsanteni kwa kunialika.

Niliombwa nizungumzie vyombo vya anga katika filamu za sayansi ya kubuni. Mada hiyo ni pana mno, na mtu anaweza kutaja vyombo hamsini akaondoka hajasema neno la maana kuhusu hata kimoja. Nimechagua kimoja tu. Ni ndege ya kivita anayoirusha Darth Vader, adui mkuu wa hadithi, kwa mikono yake katika filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka tarehe 25 Mei 1977. Wapenzi wa hadithi hii wanaiita TIE Advanced. Ndani ya filamu hakuna hata mhusika mmoja anayeitaja kwa jina lolote. Jina lilikuja baadaye, vitabuni na katika michezo ya kompyuta.

Inaonekana kwa dakika chache mwishoni. Hata hivyo, naamini inatuonyesha dola ya kidhalimu anayoitumikia Vader ilivyo kwa undani kuliko vikao vyote vya majenerali wake, na jioni ya leo nitajaribu kuwaonyesha kwa nini.

Tuanze na umbo. Ndege ya kawaida ya dola, ile TIE tunayoiona kwa makundi, ina chumba cha rubani cha duara chenye dirisha kubwa mbele. Kila upande kuna bawa bapa lenye pembe sita, limesimama wima. Herufi TIE ni kifupi cha injini pacha za ayoni, na mabawa yale, kwa maelezo ya ulimwengu ule, hukusanya nguvu za jua. Michoro na modeli za mwanzo alizitengeneza Colin Cantwell, kisha Joe Johnston akazipa sura tunayoijua. Modeli zenyewe zilijengwa ndani ya ghala huko Van Nuys, California, katika karakana mpya ya Industrial Light & Magic. Vijana wa pale walinunua maboksi ya vifaru, manowari na ndege za plastiki za kuunganisha, wakavichambua vipuri vidogo vidogo na kuvibandika juu ya modeli zao. Ndiyo maana ukiisogelea modeli yoyote ya filamu hiyo unaona mabomba na vifuniko vinavyoonekana vina kazi maalumu. Havina kazi yoyote, lakini jicho linaamini.

Sasa ndege ya Vader. Chumba cha duara kipo pale pale, ila nyuma yake kuna kiwiliwili kirefu zaidi. Mabawa hayakusimama wima: yamekunjwa kwa ndani, juu na chini, yakamkumbatia rubani pande zote mbili. Ukiitazama kwa mbele unaona kitu kilichojikunja kujilinda na wakati huohuo kinajiandaa kushambulia.

Kwa nini yakunjwe? Nawaomba mfikirie kazi ya mhariri wa filamu. Pambano la mwisho linapita kwa kasi kubwa, vipande vifupi vinafuatana, vyombo vinapita mbele ya macho kwa sekunde moja au mbili. Mwongozaji George Lucas na wahariri wake, kabla modeli hazijapigwa picha, walijaza nafasi hizo kwa picha za mapigano ya ndege kutoka filamu za Vita Kuu ya Pili, ili wapate mwendo na mpangilio. Katika mwendo wa namna hiyo mtazamaji hana muda wa kuuliza yule ni nani. Vader anaingia ndani ya mtaro mrefu wa Death Star, kituo kikubwa cha kivita cha dola, akiwa na ndege mbili za kawaida ubavuni, moja kulia na nyingine kushoto. Kama zote tatu zingefanana, tungempoteza. Sura yake pia haisaidii, kwa sababu hana sura. Ana barakoa nyeusi isiyobadilika, sauti ya James Earl Jones, na mwili wa David Prowse uliofunikwa kuanzia utosini hadi nyayoni. Mabawa yale ndiyo yanayotuambia papo hapo kwamba adui mkuu yupo katikati.

Kuhusu kamera nitasema kidogo tu. John Dykstra na wenzake walijenga kamera iliyoongozwa kwa kompyuta, iliyoweza kurudia njia ileile mara nyingi bila kukosea. Modeli ilisimama mbele ya kitambaa cha bluu na kamera ndiyo iliyotembea. Kila chombo kilipigwa picha peke yake, kisha zote zikaunganishwa kwenye fremu moja. Kwa hiyo Vader na walinzi wake wawili hawakuruka pamoja. Walikutanishwa maabara.

Sauti nayo ni kazi ya Ben Burtt. Mlio ule wa ndege za TIE, unaosikika kama kilio kinachopita, aliuunda kwa kuchanganya mlio wa tembo na mngurumo wa gari linalopita kwenye barabara yenye maji. Sisi wa nchi zenye tembo tuusikilize tena kwa makini, tutamtambua. Nadhani hofu inayotushika tukisikia mlio ule inatokana na hilo: ndani ya chuma mna mnyama aliyekasirika.

Nirudi kwa Vader mwenyewe. Wengi wetu tulizijua filamu kwenye vibanda vya video, na tunaijua kanuni ya pale: steringi hafi, na adui mkuu hatoki mafichoni mpaka vijana wake wote wamalizwe. Hapa kanuni hiyo inavunjwa. Ndege ndogo za waasi wanaopigana na dola, kama thelathini hivi, zinaishambulia Death Star. Afisa anamwambia Vader kwamba ni ndogo kiasi kwamba mizinga mikubwa inashindwa kuzilenga. Vader anajibu kwamba basi itabidi zipigwe ndege kwa ndege. Baadaye, akiona nyingine zimejitenga na kundi, anawaita marubani wawili wamfuate, na anakwenda.

Tarkin, mkuu wa kituo kile, anaambiwa kwamba hatari ipo na kwamba anaweza kuandaliwa chombo cha kuondokea. Anakataa, kwani anauona huo kuwa wakati wa ushindi. Upande wa waasi, Jenerali Dodonna alikuwa ameshawaeleza marubani wake mapema: dola haidhani kwamba ndege ndogo ya mtu mmoja inaweza kuwa tishio, vinginevyo ingeweka ulinzi mkali zaidi. Dola nzima imewekeza katika ukubwa, na udhaifu wake ni tundu la kutolea joto lenye upana wa mita mbili tu. Katika kituo kile kizima, Vader ndiye anayejua nguvu ya ndege ndogo, kwa sababu yeye ni rubani. Anaketi ndani ya yake na kuwaua waasi mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu unaotisha.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kwa maelezo yaliyojengwa baadaye kuhusu ndege hizi, ile ya Vader ina vitu viwili ambavyo TIE za kawaida hazina. Cha kwanza ni ngao za kuzuia risasi za leza. Cha pili ni haipadraivu, yaani injini ya kuvuka umbali kati ya nyota. Rubani wa kawaida wa dola hana hiki wala kile. Ndege yake ni nyepesi, ina kasi, inageuka haraka, na ikiguswa mara moja inalipuka. Bwana mkubwa analindwa. Vijana wanaoruka ubavuni mwake wako uchi. Ni sawa na nahodha wa jahazi kuvaa koti la pekee la kuokolea maisha na kuwaagiza mabaharia wapande mlingoti wakati wa dhoruba.

Watu wengine husema haya ni mambo ya mashabiki, yaliyotungwa kuuza vitabu. Sikubaliani nao, kwa sababu mbegu yake imo ndani ya filamu yenyewe. Kumbukeni pale chombo cha Han Solo, rubani wa kukodiwa anayekuja kuwasaidia waasi, kinapofika ilipokuwa sayari ya Alderaan. Wanaiona TIE moja ikiwapita. Mzee Obi-Wan, mmoja wa abiria wake, anasema hiyo ni ndege ya masafa mafupi, na kwamba ndege ya ukubwa ule haiwezi kufika mbali namna ile peke yake. Basi filamu imetuambia wazi: rubani wa dola hawezi kwenda popote bila chombo mama au kituo cha kumrudisha. Kisha mwisho wa filamu hiyohiyo, Vader anarushwa nje ya pambano, anazunguka angani peke yake, na kituo alichotoka kinalipuka. Kwa kanuni aliyotueleza Obi-Wan, alipaswa kufia hukohuko. Lakini anaituliza ndege yake na kwenda zake, na katika filamu ya pili, ya mwaka 1980, tunamkuta tena akiongoza manowari. Waliokuja kuandika maelezo ya ndege hii walipaswa kutujibu alirudije, na jibu lilikuwa moja tu: ndege ya mkubwa haikuwa kama za wengine.

Fikirieni maana ya kumnyima rubani njia ya kurudi nyumbani. Hawezi kutoroka. Hawezi kujiondoa vita vikiharibika. Kituo kikifa naye anakufa. Unyimaji huo unaokoa fedha, ndiyo, na pia unajenga utii ambao hauhitaji mlinzi wala jela.

Wala si jambo la kubuni tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, watazamaji wa Uingereza waliokaa kwenye maputo walipewa miavuli ya kuokolea maisha, lakini marubani wa ndege hawakupewa. Wajerumani walianza kuwapa marubani wao mwaka 1918, na Ernst Udet aliokoka kwa mwavuli huo mwezi Juni mwaka huo. Katika Vita Kuu ya Pili kuna mfano ulio karibu zaidi na TIE: ndege ya Kijapani ya Mitsubishi A6M, maarufu kama Zero, iliyoanza kutumika mwaka 1940. Ilikuwa nyepesi ajabu, ilikwenda mbali, na iligeuka kuliko ndege yoyote iliyokutana nayo mwanzoni. Wepesi huo ulipatikana kwa gharama. Haikuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani, wala matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa. Marubani wake wa mwanzo walikuwa hodari sana, na waliposhinda kila mtu alisifu ndege. Wamarekani walipoleta ndege nzito zenye kinga, marubani wale hodari walikufa, na waliochukua nafasi zao hawakuwa na muda wa kujifunza. Juni 1944, katika bahari ya Ufilipino, Japani ilipoteza mamia ya ndege ndani ya siku mbili.

Tofauti ni kwamba Zero ilimwacha wazi kila aliyeirusha, mkubwa kwa mdogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, rubani Mjerumani Manfred von Richthofen, aliyehesabiwa kuangusha ndege 80, alipaka ndege zake rangi nyekundu ili ajulikane, lakini mwaka 1918 chini ya rangi ile ilikuwa Fokker kama za wenzake, na tarehe 21 Aprili risasi moja ilimtosha. Vader anajitofautisha kwa umbo kama Richthofen alivyojitofautisha kwa rangi, ila yeye amejiongezea na uhai.

Najua mtaniuliza kuhusu waasi. Ndege zao zina ngao na haipadraivu, na bado karibu wote wanakufa. Zinazorudi ni tatu, ukiacha chombo cha Han Solo. Ni kweli, na silaumu wala sisifu hesabu hiyo. Nawaomba mlinganishe tukio moja. Ndege ya Wedge, rubani wa waasi, inapigwa, na mwenzake Luke, shujaa wa hadithi, anamwambia aondoke, kwa kuwa hawezi kusaidia tena pale nyuma. Wedge anaondoka na anaishi. Upande wa pili wa mtaro uleule, Han Solo anatokea juu na kulipua ndege mojawapo ya walinzi wa Vader kwa mpigo mmoja. Mlinzi wa pili anashtuka, anayumba na kumgonga bwana wake, kisha anajibamiza ukutani. Vader anasukumwa nje akiwa hai. Wale wawili hatuwajui hata majina, filamu haikuwapa. Kila ninapolitazama tukio hilo nawahurumia, na sioni aibu kusema hivyo. Walitii amri, wakaingia kwenye mtaro usio na nafasi ya kukwepa, ndani ya ndege zisizo na ngao, wakimlinda mtu aliyekuwa na ngao tayari.

Nimalizie na kilichofuata. Mwaka 1983, katika filamu ya tatu, tunaona ndege mpya za dola zinazoitwa TIE Interceptor. Mabawa yake yamekunjwa kwa ndani, yamechongoka mbele, na nasaba yake na ndege ya Vader inaonekana wazi. Umbo la mkubwa limeshuka hadi kwa askari wa kawaida, pamoja na kasi yake. Ngao, kwa maelezo yote ninayoyajua kuhusu ndege hiyo, hazikushuka.

Sasa naomba projekta iwashwe. Tutaangalia pambano la mtaroni lote, na nitawaomba mara ya kwanza mwangalie ndege mbili za pembeni tu. Baada ya hapo ni maswali.