Gesi inapita, rangi ya marumaru haipiti: ugomvi wa Algeria na Hispania

Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni, na nyie wengine habari za jioni. Projekta imegoma kwahiyo ile ramani niliyoandaa hamtaiona, nitatumia vitu vya hapa mezani na mtanivumilia.

Nianze na mpira maana naona vijana wengi. Mnaikumbuka fainali ya Europa League 2021, Villarreal na Manchester United, penati zikapigwa mpaka zamu ikafika kwa makipa, De Gea akakosa ikaisha 11 kwa 10? Naona wa Man U mmeinama, poleni. Sasa uwanja wa nyumbani wa hao Villarreal unaitwa Estadio de la Cerámica, wa marumaru, hizi hizi tailizi za sebuleni na chooni. Tajiri wa timu, Fernando Roig, ana kampuni ya marumaru inaitwa Pamesa, na mkoa mzima ule wa Castellón unakula kwa marumaru, zaidi ya asilimia 90 ya marumaru zote za Hispania zinatoka kwenye vimiji vya pale, Villarreal, Onda, Alcora, Nules. Na marumaru ni kitu cha kuchomwa, tanuri linawaka usiku na mchana, na kinacholiwasha ni gesi. Gesi yenyewe kwa miaka mingi fungu kubwa la Hispania lilikuwa linatoka ng'ambo ya bahari, Algeria.

Haya, mezani. Kitabu hiki ni Hispania. Chupa ya maji hapa chini upande wa kulia ni Algeria, na simu yangu hapa kushoto ni Moroko. Gesi inachimbwa jangwani Hassi R'Mel, kisima kimegunduliwa 1956. Mwaka 1996 likafunguliwa bomba la kwanza kwenda Hispania, likitoka kwenye chupa, likapita juu ya simu, likazama kwenye mlango bahari wa Gibraltar mpaka Córdoba. Mnaona tatizo lake? Linapita kwa jirani, na huyu jirani na Algeria mpaka wao wa nchi kavu umefungwa toka 1994. Ndiyo maana wakaja kujenga la pili, linaitwa Medgaz, likaanza kazi 2011, hili halipiti kwa mtu, linatoka Beni Saf linapiga mbizi moja kwa moja kilometa 210 mpaka Almería, na kuna mahali liko zaidi ya mita 2,000 chini ya maji.

Agosti 2021 Algeria ikavunja uhusiano na Moroko kabisa. Mkataba wa bomba la kwanza ulikuwa unaisha tarehe 31 Oktoba mwaka ule ule, Algeria hawakuuongeza, bomba likanyamaza. Hispania ikabaki na bomba moja pamoja na meli za gesi iliyogeuzwa kimiminika. Kumbuka wakati huo zaidi ya asilimia 40 ya gesi ya Hispania ilikuwa ya Algeria. Kwa hesabu ya kawaida ungesema huyu mnunuzi ataishi kwa adabu.

Wapi! Machi 2022 Waziri Mkuu Pedro Sánchez akamwandikia barua Mfalme Mohammed wa Sita, na tarehe 18 ikulu ya Moroko ikaitangaza hadharani. Ndani ya barua Hispania inaunga mkono mpango wa Moroko kwamba Sahara Magharibi iwe na utawala wake wa ndani lakini chini ya Moroko. Sahara Magharibi ilikuwa koloni la Hispania mpaka 1975, na Polisario wanaodai uhuru wake makao yao yako Tindouf, ndani ya Algeria. Kwahiyo kwa Algeria ilikuwa kama mtu umwuzie unga wa kula nyumbani kwake kila siku alafu siku ya kesi anaenda kusimama upande wa hasimu wako. Kesho yake tu balozi wa Algeria kule Hispania akaitwa arudi nyumbani.

Kwanini Sánchez alifanya vile mimi nina mawazo yangu, ila angalia Mei 2021 pale Ceuta, mji wa Hispania ulioko huku Afrika, umepakana na Moroko. Hispania walikuwa wamempokea hospitalini kiongozi wa Polisario, Brahim Ghali, Moroko wakakasirika, ulinzi wa mpaka ukalegea, na kwa siku mbili watu kama 8,000 wakaingia Ceuta, wengine wanaogelea. Yaani mmoja ameshika gesi mwingine ameshika mpaka, na Sánchez akapiga hesabu yupi wa kumwogopa zaidi.

Na msidhani ni mambo ya mbali hayo. Tanzania iliitambua Sahara Magharibi toka 1978. Na Kenya, Septemba 2022, Rais Ruto kaapishwa jana leo anatwiti kwamba Kenya inaondoa utambuzi wake, alafu ile twiti ikafutwa, na wizara ya mambo ya nje ikabaki na kazi ya kueleza kwamba msimamo ni ule ule wa Umoja wa Afrika. Hilo jangwa limechoma vidole vya wengi.

Turudi. Tarehe 8 Juni 2022 Algeria ikasimamisha mkataba wa urafiki na ujirani mwema waliosainiana na Hispania 2002. Magazeti yote yakaandika mkataba, mkataba. Mimi nawaambia achana na mkataba, siku hiyo hiyo kuna karatasi nyingine ilitoka, ya chama cha mabenki cha Algeria, inayaambia mabenki kuanzia kesho msiguse muamala wowote wa biashara ya kuingiza wala kutoa mzigo na Hispania. Basi.

Wafanyabiashara mliopo hapa mtanielewa haraka. Kule Algeria ukitaka kuagiza mzigo nje, kwanza invoisi yako unaipeleka benki inasajiliwa, inapewa namba na muhuri, ndiyo mengine yafuate. Bila ule muhuri hela haitoki na forodha hawakutolei kontena. Sasa benki ikiambiwa usigonge muhuri kwenye invoisi ya Hispania, huna haja ya kutunga sheria wala kupeleka askari bandarini, mzigo unakufa wenyewe mezani kwa karani. Na ukiulizwa unasema mbona sijazuia kitu. Ndivyo walivyojibu kweli, Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, walipokuja juu, maana biashara ya nje ya nchi za Umoja wa Ulaya inasimamiwa na Umoja wenyewe na ukimgusa mmoja umewagusa wote, ubalozi wa Algeria pale ukasema huo usitishaji upo kwenye vyombo vya habari tu.

Mwisho wa Julai mambo yakawa vichekesho. Ikatoka karatasi nyingine ya chama kile kile cha mabenki, zuio limeondolewa, watu Hispania wakaanza kushangilia, muda si muda shirika la habari la serikali likakanusha, hakuna kilichobadilika. Fikiria wewe una kontena stoo, asubuhi unaambiwa pakia, jioni shusha.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Bomba la Medgaz halikufungwa. Siku ile ya tarehe 8 Juni lilipeleka gesi, tarehe 9 likapeleka, na miaka yote miwili na zaidi ya ugomvi liliendelea kupeleka. Oktoba 2022, katikati ya uhasama, kampuni za gesi, Sonatrach ya Algeria na Naturgy ya Hispania, wakakaa wakakubaliana bei mpya kama watu wazima. Lakini mauzo ya Hispania kwenda Algeria, ambayo 2021 yalikuwa kama euro bilioni 1.9, mwaka 2023 yaliangukia kwenye milioni 330 hivi. Upande mmoja maji yanatiririka, upande wa pili bomba limekauka.

Kwanini? Gesi ina mikataba ya miaka mingi, ukiivunja unaburuzwa kwenye usuluhishi wa kimataifa na unalipa. Tena ile ndiyo hela ya serikali ya Algeria yenyewe. Na ule ulikuwa mwaka wa vita ya Ukraine, Ulaya nzima inakimbia gesi ya Urusi inatafuta muuzaji mwaminifu, Aprili 2022 Mario Draghi, Waziri Mkuu wa Italia wakati huo, alishapanda ndege mpaka Algiers kusaini nyongeza, gesi ije kwa lile bomba linalopita Tunisia. Muuzaji anayetaka wateja kama hao hawezi kuonekana anafunga koki kwa hasira. Kwahiyo akatafuta kitu cha kukata ambacho kitamuuma mwenzake kuliko yeye.

Na akakipata. Mojawapo ni rangi ya marumaru. Naomba nikae hapa kidogo maana ndicho kitu kilichonifanya niipende hii kesi.

Algeria siku hizi wana viwanda vyao vya marumaru, udongo wanao, gesi wanayo ya kumwaga. Ila ile ngozi ya juu inayong'aa haitoki kwenye udongo. Inatengenezwa na kitu kinaitwa friti. Unachukua mchanga safi, unachanganya na boroni, zinki na vingine, unayeyusha kwenye tanuri la nyuzi kama 1,500 mpaka inakuwa uji wa kioo, alafu uji ule mwekundu unaumwaga kwenye maji baridi, unapasuka paa, unabaki chenga chenga kama sukari guru iliyopondwa. Hizo chenga zinasagwa na maji, zinapakwa juu ya marumaru, inachomwa tena. Mafundi wakubwa wa kazi hiyo duniani wako Castellón, na Algeria alikuwa mteja wao mkubwa. Yaani gesi inatoka Algeria inavuka bahari, inayeyusha friti Castellón, friti inarudi Algeria kupakwa marumaru ya Algeria. Duara zuri kabisa. Ikaja karatasi ya benki ikakata nusu yake, gesi ikaendelea kwenda, friti ikazuiwa kurudi.

Kaka pale nyuma anauliza kwani wasingepitisha Ufaransa au Ureno. Wapo waliojaribu kuzungushia nchi ya tatu, ila nyaraka zinaonyesha asili ya mzigo, na karani wa benki anayeogopa kibarua chake hasomi jina la aliyekuuzia tu, anauliza umetengenezwa wapi. Na ukifanikiwa, bei imeshapanda.

Kuhusu asili ya mzigo kuna kioja kingine. Lile bomba la kwanza lililofungwa, Juni 2022 hiyo hiyo likawashwa tena, kinyumenyume! Moroko wananunua gesi kwenye soko la dunia, inashushwa na meli Hispania, inarudishwa kuwa hewa, inapelekwa Moroko kwa bomba la zamani la Algeria. Algeria walikuwa wameshaonya mwezi Aprili kwamba molekuli yao moja ikienda kwa mtu mwingine mkataba umevunjwa. Kwahiyo Hispania ikabidi iwe inathibitisha kwa vyeti kwamba gesi inayoenda Moroko siyo ile ya Algeria. Gesi! Kitu huwezi hata kukiona unakiandikia cheti cha kuzaliwa. (Kicheko ukumbini.)

Hispania nao hawakulala. Wana vituo vya kupokelea gesi ya meli vingi kuliko nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, na 2022 Marekani ikampita Algeria kuwa muuzaji wao wa kwanza wa gesi, ingawa 2023 Algeria akarudi kileleni. Mnaona, mwenye mlango wa pili hafungiwi nje. Lakini mlango wa pili ulikuwa wa serikali na makampuni makubwa. Yule mwenye kiwanda kidogo cha friti, au muuza karatasi, au msafirisha ng'ombe, mlango wake ulikuwa Algeria na ulishafungwa, akawa anagonga kwa serikali yake kuomba fidia.

Dada ameuliza lini waliachia. Balozi mpya wa Algeria aliteuliwa Novemba 2023, na Januari 2024 wakaachia mambo ya ufugaji wa kuku kwanza, peke yake. Mimi naona sababu ni rahisi, Ramadhani ilikuwa inaanza Machi na bei ya kuku ikipanda Ramadhani hakuna serikali inayolala vizuri, alafu kifaranga cha siku moja huwezi kukizungusha Ureno kikafika hai. Mengine mengi yakasubiri mpaka Novemba 2024 chama cha mabenki kilipotoa karatasi ya kufungua. Barua ya Sánchez haikufutwa, msimamo wa Hispania ni ule ule mpaka leo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, namalizia na friti. Friti siyo kama mchele kwamba leo unanunua kwa huyu kesho kwa yule. Inavyotanuka kwenye moto lazima iendane na udongo uliouweka chini, isipoendana marumaru ikipoa inafanya nyufa ndogo ndogo kama ganda la yai la kuchemsha. Kwahiyo mwenye kiwanda Algeria akishahamia kwa muuzaji mwingine ilibidi ajaribu, aharibu, abadilishe udongo, ashushe moto, apandishe moto, na miaka miwili na nusu inamtosha kabisa kuzoea. Sasa chukua mfano wa yule muuzaji wa Castellón, Novemba 2024 anapata habari, anampigia mteja wake wa zamani, mteja anapokea kwa furaha, salamu ndefu, watoto hawajambo, mama hajambo, Villarreal wanaendeleaje. Alafu anamwambia sawa rafiki yangu, tuma sampuli.